Nyumba Isiyozima Taa

Nilikuwa nimeshafunga ngazi kwenye baiskeli, nawaza chakula, mkunga aliponisimamisha nje ya duka la vifaa vya umeme. Jua lilikuwa linazama na mwenye duka anateremsha mlango wake.

Mkunga namfahamu. Mtaani kwetu nani asiyemfahamu? Nusu ya watoto wanaocheza barabarani amewapokea yeye, na wawili kati yao ni wangu. Ana sauti nzito ya kuamrisha. Akimwambia mzazi asukume, hata bawabu wa geti la zahanati anasikia. Lakini jioni ile alizungumza taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Fundi, una haraka?"

"Haraka ya chakula tu, dada."

"Twende ukanitazamie taa za nyumbani. Hazizimi."

"Swichi zimekwama?"

"Swichi nzima kabisa. Ukizima, zinazima. Halafu..." Akageuka kutazama nyuma yake. "Halafu zinabaki zinakutazama."

Nilicheka. Ugonjwa huo naujua. Balbu hizi za kutumia umeme kidogo zinatosheka na umeme mdogo mno, ambao balbu za zamani zisingeusikia hata kidogo. Mara nyingi kosa ni moja: aliyefunga nyaya amepitisha nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, kwenye swichi badala ya waya wa moto. Ukizima, unakata njia ya umeme kurudi, lakini moto wenyewe unabaki umesimama pale pale kwenye balbu, unavuja kidogo kidogo. Taa inabaki na mwanga hafifu, kama kaa lililofunikwa majivu.

"Ni kazi ya dakika ishirini," nikamwambia.

"Dakika ishirini," akarudia, kama ndugu wa mgonjwa aliyeambiwa kuna matumaini.

Nyumba ilikuwa ya mama yao, aliyefariki miezi minne nyuma. Mkunga alikuwa akiishi kwenye nyumba za zahanati, akahamia hapo kwa ajili ya mdogo wake, ambaye asingeweza kuachwa peke yake. Mdogo mtu huyo mtaani walimwita Kimya. Mwanamke wa karibu miaka arobaini, mwembamba, nywele kazifunga kitambaa. Hakuwa kiziwi. Alisikia, alielewa, alipika, alishona mashuka ya zahanati kwa mkono. Ila hakuwa amesema neno tangu akiwa na miaka sita.

Alitufungulia mlango. Alipoiona ngazi, akaacha kutabasamu.

Ndani palikuwa safi, pananukia sabuni. Kitu kimoja kilinishangaza: kando ya kila mlango kulikuwa na kibatari kilichojaa mafuta, na kiberiti juu yake.

"Mambo ya mama hayo," mkunga akaniambia. "Umeme ukikatika, hujajua hata kama umekatika, yeye ameshawasha. Tukasema ni woga wa giza. Huyu naye ameurithi."

Akafunga mapazia, akazima taa ya ukumbini.

Kweli. Balbu ikabaki na mwanga rangi ya maziwa yaliyotiwa maji mengi. Haukutosha kusomea, lakini ulitosha kuona umbo la kiti, na umbo la Kimya amesimama kwenye kizingiti cha ukumbi. Vyumba vyote vinne vilikuwa hivyo hivyo, jikoni, stooni na chooni pia.

"Nikifumbua macho usiku, naiona," mkunga akasema. "Majirani wanapita nje wanasema mama hajaondoka. Jana kuna mzazi kakataa nimshike mtoto wake. Mimi niliyempokea yeye mwenyewe kwa mikono hii." Akaitazama mikono yake. "Nataka giza, fundi. Giza la kawaida tu, kama la watu wengine."

Nikapanda ngazi hadi kwenye boksi la fyuzi, juu ya mlango wa jikoni. Nilipofungua kifuniko, niliona uzi.

Uzi mweupe wa pamba, umezungushwa juu ya tepu kwenye kila kiungo, umekazwa, umekatwa kwa meno. Duniani nimemwona mtu mmoja tu akifanya hivyo. Mjomba wangu, kaka yake mama, aliyenifundisha kazi. Hakuiamini tepu peke yake. Alisema joto likizidi, gundi yake hulegea.

Na mjomba hakuwa mtu wa kukosea waya. Nilipokuwa najifunza kwake, nilipitisha nyutro kwenye swichi mara moja tu. Alinipiga vidole kwa mpini wa bisibisi hadi ukucha ukawa mweusi, na hakunisemesha siku mbili.

Nikapima kwa tesa, bisibisi ya kupimia umeme. Nikapima tena.

Nyaya mbili za taa za nyumba nzima zilikuwa zimebadilishana mahali. Wa moto umekaa pa nyutro, wa nyutro umekaa pa moto. Na kazi ilikuwa safi, isiyo na papara. Aliyefanya vile alifanya akiwa ametulia.

Nilisimama juu ya ngazi nikiwaza. Mwisho nikajiambia mzee alikuwa ameshaanza kuchoka. Macho, mikono... Na nisiwe mwongo, nilijisikia fahari kidogo. Leo mimi ndiye nasahihisha kazi yake.

"Nazima umeme wote," nikasema.

Nikavuta meni swichi, swichi kuu ya nyumba. Papo hapo nikasikia miguu inakimbia. Kiberiti kikawashwa. Kingine. Kabla sijawasha tochi yangu ya kichwani, vibatari vyote vya nyumba vilikuwa vinawaka, na Kimya amesimama chini ya ngazi.

Akanishika kifundo cha mguu.

Mkono ulikuwa wa baridi, umelowa jasho. Hakuvuta. Alinishika tu, akanitazama, akatikisa kichwa. Hapana. Hapana. Hapana.

"Mwachie fundi afanye kazi, mdogo wangu," mkunga akasema kwa upole.

Hakuachia. Mkunga alivifungua vidole vyake kimoja kimoja, kama anavyovifungua vya mzazi mwenye uchungu.

Nikaukata uzi wa mjomba kwa kisu. Nikabadilisha nyaya, nikakaza skrubu, nikarudisha umeme. Taa zikawaka vizuri tu.

"Sasa zima zote, dada. Na vibatari pia, tuone."

Nilimsikia akienda chumba kwa chumba. Swichi, halafu pumzi ya kupuliza kibatari. Swichi, pumzi. Nami nikazima tochi yangu. Swichi ya mwisho ikalia kule nyuma kabisa.

Giza.

Giza zito, kama la kufunikwa uso kwa kiganja. Harufu ya tambi za vibatari ilinifikia, halafu ikatoweka. Mahali pake ikaja harufu nyingine, ya nguo iliyokunjwa mbichi ikafungiwa sandukuni mwaka mzima.

Karibu na sikio langu, mtu akasema:

"Asante."

Sauti ya kike, nyembamba, yenye mkwaruzo.

"Si kitu, dada," nikajibu.

Kutoka chumba cha mwisho, mkunga akaita: "Fundi, huku pamezima kabisa. Mungu akubariki."

Nikabaki nimeshika ngazi.

Nilikuwa juu ya ngazi. Kichwa changu kilikaribia kugusa dari.

Nikapapasa swichi ya tochi. Ilipowaka, nilimwona Kimya pale pale chini, viganja vyote viwili ameziba mdomo, macho yamemtoka. Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama juu ya bega langu.

Sikugeuka. Niliteremka, nikakusanya vifaa, nikaaga. Nusu ya bisibisi zangu nilizisahau kule na sikuzifuata.

Siku ya nne mkunga akanipigia simu. Alikuwa analia, mwanzoni nikadhani kuna msiba.

"Fundi, amesema. Mdogo wangu amesema."

"Amesema nini?"

"Ameniita jina langu. Asubuhi nimeamka, yuko kando ya kitanda, ananiita. Miaka zaidi ya thelathini, fundi. Mama kafa bila kuisikia tena sauti ile." Alivuta kamasi, akacheka. "Anasema ni wewe umemponya. Anataka kukushukuru. Ngoja nimpe."

Simu ikabadilisha mikono. Nikasikia pumzi.

"Fundi. Asante. Sasa nalala vizuri."

Ilikuwa sauti nyembamba, yenye mkwaruzo. Nilikata simu bila kuaga. Mke wangu aliuliza kwa nini natetemeka, nikamwambia nimepigwa na umeme kazini. Alinishika mkono akautazama, akaniambia mbona hapana alama.

Jumapili mchana nikaenda kwa mjomba. Nilimkuta kwenye kibaraza cha nyuma, ana redio iliyofunguliwa mapajani. Mikono yake siku hizi inatetemeka, lakini bado anachokonoa vitu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kunisalimu au umeunguza nyumba ya mtu?"

Nikamweleza. Boksi juu ya mlango wa jikoni, uzi, nyaya. Nilipofika pale nilipoukata uzi, aliacha kuchokonoa. Akaweka bisibisi chini polepole.

"Umebadilisha."

"Nimerekebisha, mjomba. Nyutro ilikuwa..."

"Najua nyutro ilikuwa wapi. Niliiweka mimi."

Mkewe alipopita na ndoo, alimsubiri atokomee.

"Yule mama alinifuata miaka kumi iliyopita," akasema kwa sauti ya chini. "Alinikuta nafunga hizi balbu mpya kwa mtu, na swichi ya pale ilikuwa imekosewa, taa inabaki na mwanga. Nikamwambia usiogope mama, ni kosa dogo, narekebisha. Akasema, hilo hilo kosa ndilo analolitaka. Nyumba nzima. Nikamwona kichaa. Ndipo akanihadithia habari za mwanawe.

"Kulikuwa na mwanamke aliyegombana na yule mama kwa ajili ya mume. Ugomvi wa kawaida, wa miaka mingi. Mwanamke akamwambia, nitakunyamazishia nyumba yako. Jioni moja mtoto katumwa stoo kuchukua ndoo. Siku hizo stoo haina taa. Wakamsikia anazungumza na mtu kule ndani, anacheka. Alipotoka, hana sauti. Na usiku ule, taa zilipozimwa, mama mtu kaisikia sauti ya mtoto wake ikiita kutoka pembeni mwa chumba. Na mtoto yuko kitandani, kalala, mdomo kaufunga."

"Halafu?" nikauliza.

"Wakaenda kwa mganga kwa siri; dada mtu alikuwa akilelewa kwa bibi yake, hakuambiwa. Akasema kilichotumwa kimechukua sauti, lakini hakina mdomo wa kuisemea. Kitarudi kutafuta mdomo. Na kinasogea gizani tu, giza kamili. Penye mwanga, hata wa kijinga, hakisogei. Tangu siku ile yule mama hakuzima koroboi. Kila kukicha macho mekundu. Anasinzia anashtuka, anasinzia anashtuka. Mimi nikampa nyumba ambayo ukizima taa haizimi, ili alale." Akanitazama. "Siku niliyomaliza, alilala kwenye kiti cha ukumbini, saa tisa mchana, vifaa vyangu vingali sakafuni."

"Unayaamini hayo, mjomba?"

"Nusu siyaamini." Akaokota bisibisi, ikamponyoka. "Kazi niliifanya kwa ile nusu nyingine."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia nini? Ungecheka. Wewe si ulicheka alipokuita?"

Jioni ile ile nikaenda kwa mkunga. Niliyakuta mapazia yamefungwa na taa hazijawashwa. Nilisimama mlangoni, nikamsikia Kimya ndani akiimba kwa sauti ya chini, wimbo usio na maneno. Mkunga alitoka, akarudisha mlango nyuma yake. Alikuwa amependeza, amesuka. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo," akasema, "umekuja kuniomba nimrudishe mdogo wangu kwenye ububu."

"Nakuomba uwashe taa tu, dada."

"Anapenda giza. Anasema mwanga unamwumiza macho. Ndiyo aanze kuomba ruhusa ya kukaa anavyotaka, baada ya miaka yote hiyo?" Akakohoa. Sauti yake ilikuwa imekauka kidogo, nikalitambua hilo. "Mafua haya. Fundi, jana kanisimulia ndoto. Ndoto yake. Nilikuwa sijui kama anaota."

"Ndoto gani?"

Hapo tu ndipo uso wake uliyumba.

"Ya wazazi waliofia mikononi mwangu," akasema. "Amenitajia majina. Wote saba."

"Nani alimwambia?"

"Nenda nyumbani, fundi."

Siku sita zikapita. Nilifanya kazi zangu, nilikula, lakini nilikuwa kama mtu aliyeacha jiko linawaka. Siku ya saba, alasiri, simu ikalia. Namba ya mkunga. Nikapokea, sikusikia kitu. Nikadhani mtandao. Halafu, mbali sana, mnong'ono:

"Fundi... njoo."

"Dada? Sema kwa sauti."

"Ndiyo sauti yangu hii... imebaki hii tu."

Nilikimbiza baiskeli kama mwizi. Nilimkuta nje, amekaa kwenye ngazi za mlango, kajifunga kitenge mabegani ingawa kulikuwa na joto. Alininong'oneza sikioni. Kwa siku sita sauti imekuwa ikipungua. Kila asubuhi kidogo zaidi. Leo zahanati wamemrudisha nyumbani, kwani mkunga asiyeweza kumwita mtu ana kazi gani. Na ndani, gizani, Kimya anazungumza mfululizo.

"Sasa anazungumza kwa sauti mbili," akanong'ona. "Moja ni yake. Nyingine..."

Akajigusa koo.

Ndani ya nyumba nikasikia mtu akiamrisha. Sauti nzito. Sauti ninayoijua, iliyowapokea wanangu.

"Sukuma, mama. Sukuma."

Halafu kicheko chembamba.

"Niliwasha vibatari," mkunga akaninong'oneza. "Kila ninachowasha anakipuliza. Nikiwasha taa anazima. Fanya kama ilivyokuwa mwanzo. Ile ambayo akizima haizimi."

Jua lilikuwa limebakiza kiganja kimoja kuzama. Nikawasha tochi ya kichwani, nikaingia na ngazi. Ile harufu ilinipokea mlangoni, nguo mbichi, sanduku. Kimya alikuwa amekaa sakafuni ukumbini, mgongo ukutani, magoti kifuani. Nilipommulika, aliziba macho. Hakunirukia. Hakufanya lolote la kutisha, na ndiyo maana hadi leo silali vizuri. Angenirukia, ingekuwa rahisi.

Nilipanda. Nilizima meni swichi. Nilikuwa na mwanga wa tochi tu, na nyuma yangu nyumba nzima nyeusi. Nikalegeza skrubu ya kwanza.

"Fundi," akaita kutoka ukumbini. Ile sauti nyembamba.

Sikujibu.

"Fundi, nimekukosea nini?"

Skrubu ya pili. Jasho jembamba liliniteremka machoni.

"Nilikaa bila sauti tangu mdogo. Nilimzika mama bila kumlilia. Unajua kulia bila sauti, fundi?"

Nikavuta waya wa moto. Ulikuwa hauna umeme, lakini vidole viliniwaka.

Sasa alikuwa karibu. Sikusikia miguu. Sauti ilitoka chini ya ngazi, halafu haikutoka chini.

Ilitoka sikioni.

"Ukirudisha, mimi nitakwenda wapi?"

Niliingiza waya pa nyutro. Niliingiza wa pili pa moto. Nilikaza hadi bisibisi ikanikata kiganja. Nikasukuma meni swichi juu.

Taa zikawaka nyumba nzima, maana mkunga alikuwa amepita akiwasha swichi zote umeme ukiwa umekatwa, na Kimya hakuona cha kuzima. Nikasikia anakimbia chumba kwa chumba. Tap. Tap. Tap. Anazima. Na kila alipozima, balbu ikabaki na ule mwanga wake wa maziwa. Alizima zote. Halafu akaanza kuzipiga swichi kwa kiganja, mara mbili, mara kumi, na mwanga haukuondoka.

Akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha mtoto wa miaka sita aliyefungiwa nje. Kikapungua. Kikawa mkwaruzo. Kikawa pumzi.

Kikaisha.

Tulimkuta stooni, amelala chini. Mdomo wazi, machozi yanatiririka, kifua kinapanda na kushuka kwa kwikwi, na hakuna sauti hata chembe. Mkunga akapiga magoti akamkumbatia.

"Mdogo wangu," akasema. "Mdogo wangu, nisamehe."

Alisema kwa sauti yake. Nzito, kamili. Sote wawili tuliisikia, na yeye ndiye aliyeshtuka zaidi. Alinitazama kwa uso ambao sijawahi kutazamwa nao, si wa shukrani.

Kabla sijaondoka niliandika kwa kalamu ndani ya kifuniko: usibadilishe balbu kabla ya kuzima meni swichi. Kwa sababu nyumba ile sasa ni ya hatari, kifundi, na ni mimi niliyeifanya hivyo kwa makusudi. Nikalifunga boksi kwa kufuli. Mkunga alinipa ufunguo.

"Kaa nao wewe," akasema. "Mimi sijiamini."

Wiki mbili baadaye alikwenda kwa daktari wa koo. Alinipigia simu kunieleza, na hadi leo sijui kama alinipigia ili kunituliza au kunichoma. Daktari alimwambia ameona uvimbe mdogo unaopungua. Akasema ni kawaida kwa watu wanaopaza sauti kazini. Huja, hukausha sauti siku kadhaa, huondoka.

"Uvimbe, fundi," mkunga akasema. "Na mdogo wangu alikuwa anazungumza."

"Na yale majina saba, dada? Na ile sauti uliyoisikia?"

Nikasikia mlango ukifungwa upande wake.

"Mimi huongea usingizini," akasema, akakata simu.

Hatusalimiani tena siku hizi. Mke wangu amejifungua mtoto wa tatu, na tulikwenda zahanati ya mbali.

Lakini Kimya huja. Si kila siku. Jua likikaribia kuzama, nikiwa nafungua ngazi kwenye baiskeli, namwona amesimama upande wa pili wa barabara, kitambaa kichwani, mikono ameshusha. Hanifanyii ishara yoyote. Ananitazama usoni na midomo yake inacheza, polepole, neno moja lile lile, tena na tena. Mwanzoni sikulielewa. Niliogopa hata kulitazama. Jioni moja nikajikaza, nikaitazama midomo ile hadi nikalisoma.

Zima.

Ufunguo uko mfukoni mwangu. Mwanamke aliyenishika mguu akinisihi nisizime ni yeye. Anayesimama pale akiniomba nizime, sijui kama ni yeye. Na siwezi kumwuliza, kwa sababu hana sauti ya kunijibu, na mimi ndiye niliyemnyang'anya.